Nilichukua likizo, nikapanda meli peke yangu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Haisemi azitumie wapi wala na nani. Kwetu Singida, na naamini hata huko uliko msomaji, mambo hayo mawili huwa yameshaamuliwa na ukoo kabla hujajaza fomu. Likizo ni ya kwenda nyumbani. Ni ya kuvuna alizeti, kumsindikiza mgonjwa, kukaa kwenye vikao vya harusi ya binamu na kumalizia ahadi ya mchango uliyoiandika kwa mbwembwe mwezi Januari.

Likizo zangu tatu mfululizo zilikwenda kwa Baba. Alipata kiharusi mwaka 2021, upande wa kulia ukalala, maneno yakapotea. Mimi ndiye mtoto ambaye ndugu walimwita "mwenye nafasi". Neno hilo lina maana pana kwenye familia zetu: hujaolewa, huna mtoto, una mshahara na hujui kukataa. Sikukataa, na sijutii hata siku moja niliyokaa Kiomboi nikimlisha uji kwa kijiko. Baba alifariki mwaka 2024. Likizo iliyofuata tulifanya arobaini, tukagawana nguo, tukajenga kaburi.

Kwa hiyo ilipofika zamu yangu ya likizo Agosti iliyopita, nikiwa na miaka 28 na siku 28 mkononi, nilitangaza kwenye kikao cha familia kwamba nakwenda Mwanza kupanda meli hadi Bukoba, nikae siku nne, nirudi kwa meli ileile.

Shangazi aliweka kikombe chini.

"Kuna msiba Bukoba?"

"Hapana, Shangazi."

"Umepata mchumba wa huko?"

"Hapana."

"Ofisi imekutuma?"

"Hapana. Nakwenda kupumzika."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Aliniangalia kama anavyoangalia kuku aliyeanza kuzubaa. Mtu wa kwetu husafiri kwa sababu, na sababu zinazokubalika hazizidi nne. Kupumzika haimo. Kupumzika peke yako ndiyo kabisa, inafanana na dalili ya ugonjwa, na mimi ninayeandika habari za afya nilijua shangazi anatafuta jina la ugonjwa huo.

Niseme ukweli kuhusu wazo lenyewe lilikotoka. Mwaka 2020 nilikuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari, na meli ya kitalii ya kwanza kuijua kwa jina ilikuwa Diamond Princess, ile iliyozuiliwa bandari ya Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 waliambukizwa virusi vya korona humo ndani. Wenzangu darasani walijadili karantini. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nashangaa kwamba kuna watu wanapanda jumba linaloelea, wanakula, wanalala, wanaamka mji mwingine, na kazi yao siku nzima ni kuangalia maji. Mtoto wa Iramba aliyekulia kwenye upepo na mawe hakuwahi kufikiri kwamba kuangalia maji ni shughuli.

Baadaye nilitafuta bei. Meli za namna hiyo hutia nanga hata Zanzibar na Dar es Salaam, lakini bei zake si za mwandishi wa mkoani. Nililojifunza lilinichekesha. Kampuni nyingi hupanga bei ya chumba kwa watu wawili, na anayekuja peke yake hulipa nyongeza, mara nyingine mpaka gharama yote ya kitanda cha pili ambacho hakuna atakayekilalia. Mwaka 2010 meli ya Norwegian Epic ilianza safari ikiwa na vyumba 128 vilivyojengwa kwa ajili ya mtu mmoja, na hiyo ikawa habari kubwa kwenye biashara hiyo. Kumbe hata Wazungu, tunaowasema kwamba wamezoea kuishi kila mtu kivyake, walikuwa wanamtoza faini asiye na mwenza. Shangazi angeelewana nao vizuri.

Meli yangu ilikuwa ya hapahapa. MV Victoria iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961 wakati bandari za ziwa zilikuwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikabaki kwetu. Ilisimama kwa miaka kadhaa, ikakarabatiwa, ikarudi majini mwaka 2020 ikiwa na nafasi ya abiria 1,200 na jina refu zaidi: MV Victoria Hapa Kazi Tu. Kwenda kupumzika ndani ya meli yenye jina hilo ni jambo linalohitaji moyo.

Kazi kubwa ilikuwa kwa Mama. Yeye hakuuliza nakwenda na nani. Aliuliza: "Ni njia ile?"

Ndiyo, ni njia ile. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ikitoka Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bado kijana, na mwalimu mwenzake kutoka Kagera alikuwa ameomba ruhusa kwenda kwao. Walimsubiri. Redio ilikuwa moja ofisini, na Mama anasema kwa wiki nzima walimu walifundisha mlango ukiwa wazi ili wasikie majina. Jina la mwenzao halikutajwa, na yeye hakurudi. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata.

Kilichomkaa Mama hakikuwa kuzama peke yake. Ni kwamba abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na hadi leo hesabu kamili ya waliokuwamo haijulikani. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba, nilimkuta amekaa mbele ya televisheni na swali lilelile: "Waliandikwa?"

Sikumwambia asiogope. Katika kazi yangu nimejifunza kwamba mtu anayeambiwa asiogope huongeza hofu nyingine, ya kuonekana mjinga. Nilimwonyesha jinsi tiketi inavyokatwa siku hizi, kwamba naandika jina, namba ya simu na ya ndugu wa karibu. Nilimpa jina lake liwe la ndugu wa karibu. Alikagua tahajia.

"Kwa nini usipande basi?" akauliza. Lilikuwa swali la haki. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lilikuwa limefunguliwa mwezi Juni, na sasa gari linavuka bila kusubiri pantoni.

"Basi nalijua, Mama."

Hakutoa ruhusa wala hakukataza. Alinipa kanga.

Kutoka Singida hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 400. Unashuka mlima Sekenke, unapita Shelui, unaingia tambarare ya Wembere ambako masika maji hukaa pande zote mbili za barabara na kiangazi ni vumbi tupu, halafu Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga. Sitakuchosha na basi. Jirani yangu wa kiti alikula mayai manne kabla ya Igunga, basi.

Bandari ya Mwanza Kaskazini jioni ni soko linalohama. Magodoro, mashine ya kusaga, soda, madumu ya mafuta ya alizeti ambayo nilitamani kuyauliza kama yametoka kwetu. Mizigo ilitangulia kupakiwa, sisi tukafuata. Nilikuwa nimekata daraja la pili la kulala, chumba cha wanawake, vitanda vya ghorofa. Wenzangu walikuwa watatu: mama mmoja anayefanya biashara ya ndizi kati ya Bukoba na Mwanza, binti wa chuo, na bibi aliyetoka kutibiwa macho, bado jicho moja limefunikwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu. Uko na nani?"

Nikacheka. Swali lilikuwa limenifuata mpaka majini. Nilipojibu, mama wa ndizi alitoa mkoba wake kwenye kitanda cha chini na kuniambia nilale pale, karibu na Bibi, "maana wewe huna mtu". Kuanzia hapo hadi Bukoba nilikuwa na watu. Nikienda chooni, binti wa chuo alishika simu yangu. Bibi akitaka maji, nilimpa mimi. Mama wa ndizi alituonyesha jaketi okozi zilipo bila kuulizwa, akatuonyesha zinavyofungwa, akahakikisha Bibi naye amejaribu yake. Amevuka ziwa hili kwa miaka mingi na bado hufanya hivyo kila safari. Wanawake wanaponiuliza kama si hatari kusafiri peke yako, huwa nawaambia habari ya chumba kile. Bila shaka tahadhari zipo: nilimtumia kaka yangu picha ya tiketi, sikumtajia mtu yeyote nyumba nitakayofikia, sikupokea kinywaji kilichofunguliwa. Lakini kilichonilinda hasa ni kukaa mahali penye wanawake wanaojua njia.

Kwa kuwa hii ndiyo kazi yangu, niweke na hili. Nilikuwa naogopa kutapika kuliko kuzama. Kichefuchefu cha safarini hutokea pale sikio la ndani linapoiambia akili kwamba mwili unayumba, wakati macho yaliyotazama ukuta wa chumba yanasema umetulia. Akili ikipata taarifa mbili zinazopingana, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Ndiyo maana inasaidia kutoka nje na kutazama mbali, pale maji yanapokutana na anga, au mwanga wa nchi kavu kama ni usiku. Katikati ya meli, chini, huyumba kidogo kuliko mbele na juu. Chakula chepesi kabla ya safari ni bora kuliko tumbo tupu au chipsi zinazoelea mafuta. Vidonge vipo, lakini humezwa kabla ya kuanza safari na vingi huleta usingizi. Mjamzito, mwenye shinikizo la jicho au anayetumia dawa nyingine amuulize mfamasia kwanza. Nilimeza kimoja. Ziwa lilikuwa tulivu, ikawa kama nimebeba mwavuli siku ya jua.

Tulitoka usiku. Taa za Mwanza zilizopanda juu ya mawe ya vilima zilichukua muda mrefu kupotea, na nilisimama kwenye kingo mpaka ya mwisho. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa wale watu wa Yokohama. Mtandao wa simu nao ukaanza kupungua, vijiti vitatu, kimoja, hakuna. Kwa miaka mitatu simu yangu ililala chini ya mto ikiwa na sauti ya juu kabisa, kwa sababu Mama alikuwa akipiga usiku Baba akikabwa. Sasa haikuwezekana mtu yeyote kunipigia. Niliishika mkononi kwa muda kabla ya kuiweka mfukoni.

Nililala. Saa nane kamili usiku niliamka.

Hakuna kilichoniamsha. Injini ilikuwa inanguruma vilevile, Bibi anakoroma taratibu. Niliamka kwa sababu saa nane ilikuwa zamu ya kumgeuza Baba. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hutakiwa kubadilishwa upande kila baada ya saa mbili au zaidi kidogo, la sivyo ngozi hufa pale mfupa unapobana godoro. Nilipokuwa Kiomboi, saa nane ilikuwa yangu na saa kumi ya Mama. Mwaka mmoja na miezi tangu tumzike, na mwili wangu, katikati ya Ziwa Victoria, ulikuwa umekaa kitako kitandani ukitafuta bega la kushika.

Nyumbani jambo hilo hunitokea pia, lakini nyumbani huwa nawasha taa, napasha maji, nafua soksi. Kuna kitu cha kufanya. Kwenye meli hapakuwa na kitu cha kufanya. Nilijifunga kanga ya Mama, nikatoka nje.

Watu wa daraja la tatu walikuwa wamelala kila mahali, wengine wamekumbatia mizigo. Mfanyakazi mmoja wa meli alinisalimia, akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana, akaniacha. Maji yalikuwa meusi na nyota zilikuwa nyingi kama za kijijini. Nikalia. Sikuwahi kulia vizuri msibani. Mtoto "mwenye nafasi" msibani hupika, hupokea wageni, hushika daftari la rambirambi. Nililia kwa kiasi nilichotaka, hakuna aliyeniambia nijikaze, hakuna aliyenishika mkono kunipeleka ndani, hakuna mtoto aliyeniangalia kwa hofu. Ilipoisha nilikaa kwenye benchi hadi anga likaanza kuwa la kijivu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025 ikisema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na nimeiandika habari hiyo gazetini kama wenzangu. Ni tatizo la kweli, linaumiza moyo na mishipa ya damu na si mawazo tu. Lakini lugha yetu inatuchanganya kidogo, kwa sababu mtu wa kwetu akikuona umekaa peke yako hukuhesabu mpweke palepale na kukuletea mtu wa kukaa naye. Miaka ile mitatu sikuwahi kuwa peke yangu hata kwa saa moja, nyumba ilijaa ndugu, na nilikuwa mpweke kuliko nilivyokuwa kwenye lile benchi.

Alfajiri tulipita Kemondo, halafu Bukoba ikajitokeza: ukingo wa mwamba, kijani kilichokolea ambacho Singida hatukijui hata masika, na kisiwa cha Musira kimekaa mbele ya mji kama ng'ombe aliyelala. Mama wa ndizi alitokomea kwenye umati kabla sijamuaga. Bibi alipokewa na wajukuu sita.

Nyumba ya wageni niliyofikia, ambayo jina lake nitaliacha, mhudumu aliandika jina langu kisha akaweka kalamu tayari kwenye mstari wa pili. "Mwenzako anakuja saa ngapi?" Nikamwambia haji. Bei ikabaki ileile ya watu wawili, na asubuhi nikaletewa vikombe viwili vya chai. Siku ya pili tena. Siku ya tatu nilivinywa vyote.

Siku nne nilifanya mambo madogo. Niliingia Kanisa Kuu, ambamo amezikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kupewa ukardinali, mwaka 1960. Nilitafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, ikanifanya niongee na kila mtu sokoni. Nilikula ndizi za kupikwa mchana na jioni, nikazikosa senene kwa kuwa haukuwa msimu wake. Ziwani sikuogelea, kichocho kipo kwenye fukwe za Ziwa Victoria, na nimeona picha nyingi mno za ini lililoharibiwa na ugonjwa huo. Nililala ndani ya chandarua, maana malaria ya Kagera si ya Singida. Muda mwingi nilikaa kwenye mchanga na kitabu ambacho sikukisoma.

Safari nzima ilinigharimu takribani laki tano. Nataja kwa sababu najua unauliza, na kwa sababu Shangazi aliuliza. Ni sawa na michango ya harusi tatu za watu ambao wawili kati yao sijawahi kuwaona. Sisemi tuache kuchangiana. Baba alipoumwa, michango ya watu ndiyo iliyonunua lile godoro la hewa. Lakini hakuna kikao kilichowahi kukaa kumchangia anayeuguza apumzike wiki moja, na sidhani kama kitakaa hivi karibuni.

Niliporudi Kiomboi, Mama alikuwa anachambua mlenda. Nikakaa naye. Aliuliza kama vyoo vya meli vilikuwa visafi. Aliuliza kama kweli jina langu liliandikwa, nikampa kipande cha tiketi, akakisoma mbele na nyuma, akakiweka ndani ya Biblia. Alipouliza kama nililala, nikamweleza kuhusu saa nane.

Mikono yake haikusimama.

"Mimi saa kumi," alisema. "Kila siku. Huwa naamka nafagia uwanja."

Hatukuongeza neno mpaka mlenda ulipoisha. Jioni, nikiwa nafunga begi kurudi mjini, aliniita kutoka jikoni kuuliza kama kwenye meli ile kuna vyumba vya watu wawili. Nikamwambia daraja la kwanza vipo. Akasema alikuwa anauliza tu.